Nani Alililipua Kanisa? Uhakiki wa Mazungumzo ya Baldwin na Mead

Muhula uliopita darasa letu la tafsiri lilipewa kazi ambayo mimi mwenyewe niliiona nyepesi nilipoipanga. Kila mwanafunzi alipewa kurasa nne za kitabu kiitwacho A Rap on Race, kilichochapishwa Marekani mwaka 1971, azitie katika Kiswahili sanifu kwa muda wa majuma mawili. Kitabu hicho si riwaya wala si tamthilia. Ni mazungumzo ya watu wawili yaliyonaswa kwenye kanda kisha yakaandikwa jinsi yalivyosemwa. Nilidhani kwamba lugha ya mazungumzo itawasumbua wanafunzi kidogo kuliko lugha ya fasihi. Nilikosea, na makala haya yametokana na kosa hilo.

Tatizo lilianza kwenye jina la kitabu. Zaidi ya nusu ya darasa walidhani wamepewa kitabu kinachohusu muziki wa kufokafoka. Ilibidi nieleze kwamba katika lugha ya mitaani ya Marekani ya miaka ya 1960 neno hilo lilikuwa na maana ya kuongea kwa uwazi bila kuchuja maneno, na kwamba wanamuziki walikuja kulirithi baadaye. Basi tuliiteje kazi hii? "Soga" tulilikataa kwa kuwa soga ni la kupitisha wakati. "Mjadala" huwa na mwenyekiti na saa ukutani. "Majadiliano" nayo, kwa jinsi tunavyoyafahamu katika ukanda wetu, huwa na ajenda, chai ya saa nne na posho. Tukabaki na "gumzo", ingawa hatukuridhika nalo. Sehemu ya pili ya jina ilitutoa jasho zaidi. Wapo waliopendekeza "mbari", lakini mbari kwa wengi wetu ni ukoo. "Kabila" halifai kabisa. Hatimaye tukarudi kwenye "rangi", kama wafanyavyo waandishi wa magazeti, huku tukijua kwamba rangi ni ile ionekanayo kwa macho tu, na kwamba mambo yanayozungumzwa kitabuni aghalabu hayaonekani.

Waongeaji wenyewe ni James Baldwin na Margaret Mead. Walikutana kwa mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka 1970 jijini New York, wakafahamiana kwa muda mfupi, kisha wakakaa mbele ya kinasa sauti kwa jumla ya saa saba na nusu hivi. Mead alikuwa na umri wa miaka 68. Alizaliwa Philadelphia katika nyumba ya wasomi, akasomeshwa na Franz Boas, yule mwanaanthropolojia aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupinga nadharia kwamba akili ya mtu hufuata rangi ya ngozi yake. Yeye mwenyewe alijipatia sifa kwa utafiti wake huko Samoa na New Guinea. Baldwin alikuwa na miaka 46. Alizaliwa Harlem, akahubiri kanisani tangu akiwa kijana wa miaka 14, akaiacha mimbari, na mwaka 1948 akahamia Ufaransa kwa kuona kwamba akibaki nchini mwake ama atauawa ama ataua. Kufikia siku ya mazungumzo hayo, watu watatu aliowafahamu kwa karibu walikuwa wameshauawa kwa risasi: Medgar Evers mwaka 1963, Malcolm X mwaka 1965, na Martin Luther King mwaka 1968.

Msomaji azingatie jambo moja hapa. Wote wawili walikuwa wapinzani wa ubaguzi. Laiti Baldwin angeketi na mbaguzi wa wazi, tungejua toka mwanzo nani wa kupigiwa makofi, na kitabu kingeishia hapo. Hapa wanaketi watu wanaokubaliana kwa karibu kila kitu. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 zote mbili wanaziunga mkono. Kwa hiyo wanapogombana, na wanagombana kwelikweli, ugomvi wao hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba mmoja ni mtu mbaya. Thamani ya kitabu hiki iko hapo.

Kwa upande wa fani, kitabu hiki kina kasoro nyingi, na mhakiki asizifunike kwa sababu ya ukubwa wa majina ya wenyewe. Ni kirefu kupita kiasi. Kuna kurasa ambazo waongeaji wanapeana sifa tu. Mead ana desturi ya kukimbilia mbali: kila mazungumzo yanapoikaribia Marekani yenyewe, mara nyingi yeye huyapeleka New Guinea, na mfano wa New Guinea huwa mzuri kiasi kwamba msomaji husahau swali lilikuwa nini. Baldwin naye hahoji, anahubiri. Anaanza na jambo dogo lililompata yeye, analipandisha ngazi baada ya ngazi mpaka limekuwa jambo la ulimwengu mzima, na huko juu si rahisi mtu kumjibu. Aidha, kanda ilipogeuzwa kuwa maandishi vitu vingi vilipotea. Wale kati yetu waliokwenda uwandani kurekodi ngano za wazee wanalijua tatizo hili: maandishi hayaonyeshi mtu alinyamaza kwa muda gani kabla ya kujibu, wala alimtazama nani. Katika mazungumzo ya rangi, kimya cha sekunde tano ni jibu.

Lakini kuna mahali, kurasa chache tu, ambapo kitabu kinasimama. Ndizo kurasa nilizowapa wanafunzi.

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, bomu la baruti lilitegwa kwenye kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 mjini Birmingham, jimbo la Alabama, kanisa la Wamarekani Weusi ambalo lilikuwa kituo cha harakati za haki za kiraia. Wasichana wanne waliuawa: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Baldwin anapolitaja tukio hilo anasema kwamba si yeye aliyelitega bomu, hata hivyo anajiona anahusika nalo. Mead anashtuka. Anamuuliza kwa vipi, ilhali amekuwa akipigana dhidi ya mambo hayo hayo kwa miaka mingi? Baldwin anashikilia kwamba jitihada zake hazibadilishi kitu. Mead anakataa katakata: lazima zibadilishe. Kwake yeye mtu hubeba hatia ya alichokifanya, wala si ya kilichofanywa na mwingine, na hatakubali kamwe kubebeshwa hatia ya rangi kwa kuwa tu alizaliwa mzungu. Anamwambia Baldwin kwamba anazungumza kama muumini wa kanisa la Waorthodoksi, ambako dhambi ni ya wote.

Sasa tazama yaliyotukuta darasani. Mwanafunzi mmoja, tena hodari, aliandika hivi katika rasimu yake: "Kanisa lililipuka na wasichana wanne wakafa." Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Mtahini wa kidato cha sita angeipa alama zote. Lakini kanisa halilipuki. Mapipa ya petroli hulipuka, kwa bahati mbaya, siku ya joto. Kanisa hili lililipuliwa, na tukitaka kusema yote, kuna watu walililipua. Kitenzi kimoja, kauli tatu. Katika kauli ya kutendeka hakuna mtu. Katika kauli ya kutendwa mtu yupo nyuma ya pazia, unaweza kumwita kwa "na" ukipenda, na usipopenda atabaki hukohuko. Katika kauli ya kutenda lazima ajitokeze, angalau kama kiambishi. Tunawafundisha wanafunzi kauli hizi kama mnyambuliko wa kukariri, lipua, lipuka, lipuliwa, lipuliana, bila kuwaambia kwamba uchaguzi kati yake unaweza kuwa uchaguzi wa kusema kweli au kuificha.

Nilipoyasoma tena mazungumzo yale kwa jicho hilo, niliona kwamba lugha ya rangi nchini Marekani, kwa kiasi kikubwa, imekaa katika kauli ya kutendeka, na ikitoka hapo huruka moja kwa moja hadi kauli ya kutendana. Mambo yaliharibika, basi tusameheane. Uhusiano ulivunjika, basi tupatane. Hatua ya katikati, ya nani alimtenda nani, inarukwa. Hata istilahi yetu ya "ubaguzi wa rangi" ina ugonjwa huo. Kihusishi "wa" katika Kiswahili ni mlegevu. Wizi wa Juma ni wizi ambao Juma kaiba, wizi wa ng'ombe ni wizi ambao ng'ombe wameibwa. Ubaguzi wa rangi je? Rangi haikubagua wala haikubaguliwa. Istilahi inataja kigezo, inawaacha wote wawili, mbaguzi na mbaguliwa, nje ya mlango.

Kwa hiyo, tukimpima Mead kwa kigezo hiki, yeye ndiye mwanasarufi mzuri kuliko Baldwin. Anadai kauli ya kutenda. Aliyelipua ndiye mwenye hatia, basi. Nakiri kwamba niliposoma mara ya kwanza nilimwona ana haki. Ugumu unaanza mtu akiuliza swali dogo la tarehe. Mwezi Agosti mwaka 1970, wakati Mead akisema hatia ni ya mtendaji, mtendaji huyo alikuwa nani? Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa amehukumiwa kwa mauaji ya wasichana wale. Wapelelezi wa shirikisho walikuwa na majina ya washukiwa, wafuasi wa Ku Klux Klan, lakini walifunga jalada mwaka 1968 bila mtu kushtakiwa. Robert Chambliss alitiwa hatiani mwaka 1977. Thomas Blanton, mwaka 2001. Bobby Frank Cherry, mwaka 2002, karibu miaka 39 baada ya bomu. Wa nne, Herman Cash, alifariki mwaka 1994 bila kupandishwa kizimbani.

Maana yake ni kwamba kanuni ya Mead ilikuwa sahihi na tupu. Hatia ni ya mtendaji, lakini nchi nzima, na polisi wake, na mahakimu wake, na majirani wa Chambliss, ilikuwa imepanga maisha yake kwa namna ambayo mtendaji hapatikani. Na hao waliopanga hivyo, ambao hawakugusa baruti, tuwaiteje? Hapo sarufi ya Mead haina neno. Baldwin alikuwa akilitafuta neno hilo. Alisema pia kwamba polisi hawatamuuliza jina lake kabla ya kufyatua risasi, wala hawatambagua yeye na mwanasheria mweusi au mfuasi wa Black Panther. Yaani wengine wameshamjumlisha, apende asipende. Mead anaruhusiwa kuwa mtu mmoja mmoja. Baldwin haruhusiwi.

Hata hivyo Baldwin naye hatoki salama, na sikubaliani na wahakiki wanaomgeuza kuwa nabii asiyekosea. Anaposema kwamba sote tunahusika, yeye mwenyewe akiwemo, anapanua mzigo hadi mlipuaji anapata pa kujificha. Chambliss, aliyekuwa bado huru mjini Birmingham siku ile, asingeomba zaidi ya kuketi benchi moja na James Baldwin. Unyenyekevu wa Baldwin ni wa dhati, lakini matokeo yake ni kutendeka kwingine: limetokea, limetupata, sote tumo. Kinachomwokoa ni kwamba dai lake haliangalii nyuma tu. Kwa maneno yangu mwenyewe, anasema kwamba jana haimhukumu, lakini kesho inamdai. Mead anapolisikia hilo analainika kidogo, anakiri kuwa hilo ni jambo jingine, kisha wanapotezana tena. Karibu na mwisho wa kitabu Baldwin anatumia mfano wa Waarabu na Wayahudi kueleza hali yake Marekani, na Mead anamjia juu kwamba hayo ni maneno ya kibaguzi. Kitabu kinakwisha hawajapatana. Namshukuru mhariri kwa kutowapatanisha.

Narudi kwenye tafsiri. Neno lililowagombanisha ni moja tu katika Kiingereza, "guilt", na neno hilo linabeba mizigo minne kwa wakati mmoja: hukumu ya mahakama, kosa lenyewe, dhambi mbele ya Mungu, na maumivu ya moyoni ambayo sisi huyaita kusutwa na nafsi. Mwanafunzi aliyeandika "hatia" kila mahali alimfanya Mead aonekane mshtakiwa anayejitetea mbele ya hakimu. Aliyeandika "dhambi" aliyahamishia mazungumzo yote kanisani. Kila mara neno hilo lilipojitokeza ilibidi tuamue ni mzigo upi, na tulipokuwa tukiamua tuligundua kwamba Baldwin na Mead hawakuwa wakiongelea mzigo mmoja. Mead alikuwa mahakamani, Baldwin alikuwa kwenye deni. Kiswahili kilitulazimisha kuona walikopishana. Sidai kwamba wangezungumza Kiswahili wangeelewana. Nadai tu kwamba wangejua mapema wanagombania nini.

Lipo neno letu moja ambalo darasa lilikuja kulipenda: kuwajibika. Mwanafunzi kutoka Mwanza ndiye aliyelileta. Katika siasa za Tanzania neno hilo huenda pamoja na habari ya hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakumpiga mtu yeyote. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Aliwajibika. Wala haikumzuia kuwa Rais wa nchi mwaka 1985. Kati ya "nina hatia" na "hainihusu" pana nafasi, na nafasi hiyo ina kitenzi chake. Baldwin, nadhani, angelipenda neno hilo. Mead asingelikataa, kwa kuwa halimwiti mkosaji.

Lakini tusijisifu upesi. Lugha hiihii ilifika kwetu bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na vitabu vyetu vya shule bado vinasema kwamba "biashara ya utumwa ilifanyika". Ilifanyika! Nani aliifanya, aliwauza akina nani, na wajukuu wa wote hao sasa wanaketi dawati moja? Hapa Uganda sisi tunapofundisha Kiswahili hukutana na wazee wanaokichukia kwa sababu za aina hiyo, na za kambi za jeshi vilevile, nasi huwajibu kwa hotuba ya umoja wa Afrika Mashariki. Mwenye kovu usidhani kapoa. Basi tunapomcheka Mmarekani kwa kauli yake ya kutendeka, tukumbuke mkuki na nguruwe.

Katika darasa lile walikuwepo wanafunzi wawili Wamarekani waliokuja kwa mwaka mmoja kujifunza Kiswahili, msichana mweusi na mvulana mzungu. Siku chache kabla ya somo hili, msichana alikuwa amekwenda sokoni Wandegeya akaitwa muzungu. Wenyeji hawakuwa na nia mbaya. Kwao muzungu ni mgeni wa ng'ambo mwenye mkoba mgongoni na lafudhi ya ajabu. Lakini yeye alikuwa amevuka bahari akitarajia kwamba hapa, angalau hapa, rangi yake itakuwa kitu cha kawaida, na badala yake akapewa jina la watu waliowanunua mababu zake. Alilisimulia darasani kwa Kiswahili cha kusitasita, na wenzake wa Kampala, waliokuwa wameanza kucheka, wakaacha.

Niliwaomba wawili hao wasome kwa sauti tafsiri ya kurasa zile, msichana akichukua nafasi ya Baldwin na mvulana nafasi ya Mead. Walifika mahali pa kanisa, mvulana akasimama. Kwenye karatasi kulikuwa na maneno mawili yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu na kurudishwa. Akaniuliza: "Mwalimu, hapa niseme 'sina hatia' au niseme 'sihusiki'?"

Sikuwa na jibu la haraka. Msichana ndiye aliyemjibu, bila kuinua macho kwenye karatasi yake: "Sema huna hatia. Hilo naweza kulisikiliza. Ukisema huhusiki, mimi naondoka."

Akasema "sina hatia", wakaendelea kusoma. Saa saba na nusu za kanda zilikuwa zimetafuta sentensi hiyo bila kuipata. Sisemi kwamba vijana hao ni werevu kuliko Baldwin na Mead. Nasema walikuwa wakitumia lugha ya kigeni kwao wote wawili, ambayo hawakuwa na ufundi wa kutosha wa kujifichia. Mtu akiwa na maneno mia tano tu hulazimika kuchagua moja.

Baada ya Baldwin na Mead, Marekani imeitisha mazungumzo ya rangi mara nyingi, tena kwa vyeo vikubwa zaidi. Mwaka 1997 Rais Clinton aliunda jopo lililoongozwa na mwanahistoria John Hope Franklin ili taifa zima lizungumze. Mwezi Julai mwaka 2009 profesa wa Harvard, Henry Louis Gates, mtu mweusi, alikamatwa na polisi nyumbani kwake mwenyewe mjini Cambridge, ikawa kama Baldwin alivyosema kuhusu jina lisiloulizwa. Mashtaka yakafutwa, na Rais Obama akawaalika profesa na askari aliyemkamata wanywe bia pamoja Ikulu. Walikunywa, wakapigwa picha, hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Hayo nayaita mazungumzo ya kutendana yasiyopitia kutenda. Tulipomwona George Floyd akifia chini ya goti la askari mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, kwa mara moja kitenzi kilikuwa na mtendaji aliyeonekana na ulimwengu wote, na mwaka uliofuata Derek Chauvin alitiwa hatiani. Kamera ya msichana wa miaka 17 ilifanya kazi ambayo Birmingham iliisubiri miaka 39.

Kinachonitia wasiwasi zaidi, kama mwalimu, ni yaliyofuata. Mwezi Mei mwaka 2021 jimbo la Oklahoma lilipitisha sheria ambayo, pamoja na mengine, ilikataza walimu kufundisha kwamba mwanafunzi anapaswa kujisikia vibaya au kuwa na hatia kwa sababu ya rangi yake. Majimbo mengine, Tennessee miongoni mwao, yalipitisha sheria zinazofanana na hiyo. Neno lilelile la Baldwin na Mead likaingia kwenye vitabu vya sheria. Ukiisoma sheria yenyewe, kwa maneno yake, inamuunga mkono Mead, na hata mimi siwezi kusimama darasani nikamwambia mtoto kwamba amezaliwa na hatia. Lakini mwezi huohuo, katika jimbo hilohilo, ilitimia miaka 100 tangu mtaa wa Greenwood mjini Tulsa uteketezwe, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, na umati wa wazungu waliowaua majirani zao weusi na kuchoma nyumba na maduka yao, jambo ambalo kwa miongo mingi halikuwamo katika vitabu vya shule. Sheria haikusema Tulsa isifundishwe. Ila mwalimu anayeogopa kazi yake ataifundisha vipi? Naweza kuisikia sentensi yake toka hapa Kampala: mtaa uliungua, watu wengi wakapoteza maisha. Haina kosa la sarufi.

Rasimu za wanafunzi, pamoja na masahihisho yake ya wino mwekundu, zimewekwa katika maktaba ndogo ya idara, rafu ya chini karibu na dirisha. Tumekubaliana kuandika "walililipua" mahali pote ambapo Kiingereza kinaruhusu, na "kuwajibika" pale ambapo Baldwin anazungumzia kesho. Jina la kitabu bado halijatulia. Msomaji mwenye neno bora kuliko "gumzo" na alilete kabla ya muhula kufungwa.